Kuchagua Prosesa ya Gitaa kwa Bei Nafuu

Prosesa ya gitaa ni kifaa cha kukanyagwa kwa mguu kinachobeba ndani ya kasha moja kazi ambazo zamani zilihitaji pedali tano, sita au zaidi: korasi, dilei, riverbu, kompresa, ovadraivu, waa, na mara nyingi mwigo wa amplifaya pamoja na spika yake. Gitaa la umeme huchomekwa upande mmoja, na sauti iliyokwisha kutengenezwa hutoka upande wa pili. Mpigaji wa Mkomani, Mombasa, aliye na prosesa moja nzuri anaweza kupiga hotelini Nyali au Bamburi Ijumaa usiku, harusini Kisauni Jumamosi na kanisani Kongowea Jumapili asubuhi, akiwa amebeba gitaa, waya mbili na kifaa kinachoingia kwenye mfuko wa mgongoni.

Maboksi ya dukani hutangaza idadi ya efekti: sitini, mia moja, mia na hamsini. Idadi hiyo ndiyo kigezo dhaifu kuliko vyote, kwa sababu mpigaji wa bendi hutumia sauti tano au sita mwaka mzima. Yanayoamua kama fedha zimetumika vyema ni mambo mengine manne: ubora wa hizo sauti chache, namna kifaa kinavyoingia kwenye miksa, namna mguu unavyokitawala katikati ya wimbo, na namna kinavyopata umeme. Sura hii inayachukua moja baada ya jingine, kisha inapitia aina zilizoko sokoni na namna ya kuzijaribu kabla ya kulipa.

Jinsi prosesa zilivyoshuka bei

Efekti za gitaa zilianza kama vifaa vya kazi moja moja. Maestro Fuzz-Tone ya Marekani ilitoka mwaka 1962 ikifanya kazi moja tu, kukwaruza sauti. Boss ya Japani ilitoa CE-1, pedali yake ya kwanza ya korasi, mwaka 1976. Aliyetaka sauti nne alinunua pedali nne, na kila moja ilitaka betri yake na waya wake wa kuunganishia. Mwaka 1988 Boss ilitoa ME-5, iliyokusanya efekti kadhaa katika kasha moja. Kampuni ya Zoom, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1983, iliendeleza njia hiyo kwa vifaa vidogo, na kufikia miaka ya 1990 Zoom 505 ya plastiki ilikuwa imeifikisha prosesa mikononi mwa wanafunzi. Mwaka 1998 Line 6 ilitoa POD, iliyoufanya mwigo wa amplifaya kuwa jambo la kawaida.

Kilichoshusha bei ni chipu. Prosesa huigeuza sauti ya gitaa kuwa namba, kwa kawaida mara 44,100 au zaidi kila sekunde, ikazifanyia hesabu namba hizo, kisha ikazirudisha kuwa umeme wa sauti. Korasi ni nakala ya sauti iliyocheleweshwa kidogo na kuyumbishwa. Dilei ni nakala iliyocheleweshwa zaidi. Riverbu ni nakala nyingi mno zilizosongana. Zote ni hesabu, na chipu ileile huzifanya zote. Ndiyo maana kuongeza efekti ya mia moja hakumgharimu mtengenezaji kama kuweka swichi ya chuma au jeki imara. Prosesa ya bei nafuu hubana matumizi kwenye mwili, yaani swichi, jeki, kanyagio na skrini, na huko ndiko mnunuzi anakopaswa kutazama kwanza.

Sauti zinazohitajika kweli

Gitaa la pwani lina desturi ndefu ya sauti safi. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani aliyeishi kuanzia 1924 hadi 2000, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme, na nyimbo zake zinasikika nota kwa nota. Freretown, jirani na Mkomani, ndiko nyumbani kwa Joseph Ngala, mpiga saksafoni anayehesabiwa kuwa baba wa bango, muziki ambamo gitaa huacha nafasi kwa saksafoni na mwimbaji. Them Mushrooms, kundi lililoanza Mombasa mwaka 1972 na kuvuma kwa "Jambo Bwana" mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilikulia kwenye kumbi za hoteli, na hoteli humtaka mpigaji abadilishe mtindo mara nyingi usiku mmoja. Kutokana na desturi hiyo, mahitaji ya mpigaji wa sasa yanaweza kuorodheshwa bila kubahatisha.

Ya kwanza ni sauti safi yenye kompresa kidogo. Kompresa hushusha nota zilizopigwa kwa nguvu na kuinua zile dhaifu, hivyo solo ya rumba au benga, yenye nota nyingi za haraka, hutoka ikiwa sawasawa. Kompresa iliyozidishwa huua mkono wa mpigaji na kupandisha kelele za nyuma, kwa hiyo prosesa inayomruhusu mpigaji kupima kiasi chake ni bora kuliko ile yenye kompresa ya kuwasha na kuzima tu.

Ya pili ni korasi. Solo ya Kikongo na nyimbo nyingi za zilizopendwa hutumia sauti safi iliyopanuliwa kwa korasi na dilei fupi. Korasi nzuri haiyumbishi nota hadi gitaa lionekane limepoteza tuni. Jaribio lake ni kupiga nota mbili za juu kwa pamoja na kuziacha zidumu: zikisikika zikigombana, korasi hiyo haifai, au imewekwa kwa kina kupita kiasi.

Ya tatu ni dilei inayofuata mwendo wa wimbo. Muda wa dilei hupatikana kwa kugawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 una pigo moja kila milisekunde 500, na robo tatu ya pigo hilo, ambayo ndiyo dilei inayopendwa kwenye nyimbo nyingi za kuabudu, ni milisekunde 375. Hakuna anayepiga hesabu hiyo jukwaani, hivyo prosesa inapaswa kuruhusu mwendo uwekwe kwa kugonga swichi kwa mguu kufuata ngoma. Kwa mpigaji wa kanisani, uwezo huo una thamani kuliko aina kumi za ziada za dilei.

Ya nne ni riverbu fupi. Rege hutaka mkato mkavu wenye riverbu ya springi. Chakacha, kwa mapigo yake yaliyofungamana, huharibiwa na riverbu ndefu, kwa maana mkia wa nota moja huifunika nota inayofuata. Kumbi za hoteli zenye sakafu ya vigae na kuta tupu tayari zina mwangwi wake, na mipangilio mingi ya kiwandani huongeza mwingine juu yake. Ya tano ni ovadraivu laini na distoshoni moja kwa nyimbo za roki zinazoombwa na wageni, na ya sita ni waa, ambayo huhitaji kanyagio.

Sauti hizo sita ndizo za kujaribiwa dukani. Mipangilio ya kiwandani yenye majina makubwa hutengenezwa ili imshangaze mtu mwenye vifaa vya masikioni, na huwa na efekti nyingi mno kwa bendi. Mnunuzi anayeifuata huchagua kwa kelele za tangazo. Anayefaidika ni yule anayezima kila kitu, akasikiliza sauti safi, kisha akawasha efekti moja moja.

Kutoka kwenye prosesa hadi kwenye miksa

Vitabu vingi vya ng'ambo hudhani kwamba mpigaji ana amplifaya yake ya gitaa. Hali katika kumbi nyingi za Kisauni na Nyali ni tofauti: kanisa lina miksa na spika za ukumbi, hoteli ina mitambo yake, na mwenye harusi hukodi mitambo ya fundi sauti. Gitaa huingia moja kwa moja kwenye miksa. Jambo hili hubadilisha kabisa namna ya kuchagua prosesa.

Spika ya amplifaya ya gitaa haitoi sauti zote. Juu ya kilohezi tano hivi hukata kwa ukali, na ukataji huo ndio unaoifanya distoshoni isikike nene na tamu. Spika za ukumbi zimetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu na muziki mzima, kwa hiyo hupitisha kila kitu. Ovadraivu ikipelekwa humo bila kupitia mwigo wa spika hutoka kama nyuki ndani ya kopo. Prosesa ya kupigia kwenye miksa lazima iwe na mwigo wa spika, na mwigo huo uweze kuwashwa na kuzimwa, kwa sababu siku atakapopata amplifaya halisi mpigaji atahitaji kuuzima. Spika mbili, moja ya mwigo na moja ya kweli, huifanya sauti kuwa nzito na yenye ukungu.

Prosesa nyingi za miaka ya karibuni hutumia faili za spika ziitwazo IR, ambazo ni kipimo cha spika halisi iliyorekodiwa kwa maikrofoni. Kifaa kinachopokea faili za IR kutoka nje humpa mpigaji nafasi ya kubadilisha spika bila kununua kitu kingine. Kwa anayepelekea miksa, huo ni uwezo wa kulipiwa fedha za ziada pale bajeti inaporuhusu.

Jambo la pili ni aina ya jeki ya kutokea. Prosesa za bei nafuu hutoa sauti kwa jeki ya kawaida ya gitaa, si kwa XLR ya maikrofoni. Waya wa aina hiyo ukizidi mita sita hivi huanza kunasa ngurumo ya umeme. Dawa yake ni DI boksi, kisanduku kidogo kinachoigeuza sauti hiyo iwe ya kusafiri mbali kwa waya wa XLR. DI boksi nyingi zina swichi ya kukata laini ya ardhi ya waya wa sauti, na swichi hiyo humaliza ngurumo nyingi zinazotokea gitaa na miksa vinapotumia soketi za pande mbili za ukumbi. Makanisa na mafundi sauti wengi huwa na DI boksi. Anayepiga mahali papya hufanya vyema kuuliza mapema.

Jambo la tatu ni stereo. Efekti nyingi husifiwa kwa upana wake wa kushoto na kulia, lakini mitambo mingi ya ukumbi hutumika kwa mono. Dilei inayoruka kutoka spika moja hadi nyingine hupoteza nusu ya milio yake inapochukuliwa upande mmoja tu. Kwa hiyo jaribio la dukani lifanywe pia kwa waya mmoja na spika moja, si kwa vifaa vya masikioni peke yake.

Mwisho ni jeki ya vifaa vya masikioni. Nyumba za Mkomani zimepakana, na mazoezi ya usiku kwa spika hukwaza majirani. Prosesa yenye jeki hiyo, pamoja na tundu la kuingiza wimbo kutoka kwenye simu, ni chumba cha mazoezi kisichosumbua mtu.

Swichi, kanyagio na skrini

Prosesa ndogo huwa na swichi mbili za mguu. Kwa kawaida moja hupanda mpangilio mmoja na nyingine hushuka. Hali hiyo inatosha iwapo mpigaji atapanga mipangilio yake kwa kufuata nyimbo: safi ya ubeti, kisha ya solo, kisha ya mkato. Haitoshi kwa anayetaka kuwasha na kuzima efekti moja bila kugusa nyingine. Huyo anahitaji swichi ya tatu, au kifaa ambacho swichi zake mbili zinaweza kupewa kazi ya kuwasha efekti ndani ya mpangilio uleule.

Kubadilisha mpangilio kwenye prosesa za bei nafuu huleta ukimya mfupi, na mkia wa dilei hukatika. Kwenye wimbo wa polepole pengo hilo husikika. Njia ya kulipima ni kushikilia kodi moja huku mguu ukibadilisha mpangilio. Vifaa viwili vya bei moja huweza kutofautiana sana hapa, na hakuna boksi linaloandika tofauti hiyo.

Kanyagio hutumika kama waa au kama kidhibiti cha sauti. Mpiga gitaa la ridhimu hulitumia kupunguza sauti mwimbaji anapoanza na kuipandisha kwenye kiitikio, jambo linalomwondolea fundi sauti kazi kubwa. Kanyagio la plastiki linalocheza upande kwa upande huharibika mapema. Likisukumwa hadi mwisho linapaswa kufika sufuri na kufika mia bila kurukaruka, na namba kwenye skrini huonyesha kama linafanya hivyo.

Skrini isomeke kwenye jukwaa la ufukweni saa kumi jioni, jua likiwa usoni, na ukumbini taa zikiwa zimezimwa. Kitunio cha ndani kiwe na uwezo wa kunyamazisha sauti, ili mpigaji atunie kati ya nyimbo bila wasikilizaji kusikia.

Umeme

Kenya hutumia umeme wa volti 240. Adapta iliyotoka Marekani au Japani na kuandikwa volti 120 au 100 pekee huungua ikichomekwa Mombasa. Adapta salama ni ile iliyoandikwa 100–240V. Onyo hili linawahusu hasa wanaopokea vifaa kutoka kwa jamaa walio ng'ambo na wanaonunua vilivyotumika.

Upande wa prosesa kuna mambo matatu ya kulinganisha: volti, kiasi cha umeme na mwelekeo wa ncha. Prosesa nyingi za Zoom, Boss na Mooer hutumia volti 9 zenye hasi katikati ya ncha. Adapta za kinanda cha Yamaha, ambazo zimejaa makanisani, ni za volti 12 zenye chanya katikati. Ncha zake huweza kuingia kwenye tundu la prosesa na kuiharibu. Alama za duara zenye + na − zilizochapishwa kwenye adapta na kwenye kifaa lazima zifanane. Kiasi cha umeme, kinachoandikwa kwa mA, kinaweza kuzidi kile kinachotakiwa, lakini kisipungue.

Stima hukatika, na ikirudi huja na mshtuko unaoumiza vifaa. Kifaa cha kulinda, kile kinachoitwa TV guard madukani, ni cha bei ndogo ukilinganisha na prosesa. Ulinzi mkubwa zaidi ni betri. Zoom G1 Four hutumia betri nne za AA, na huweza pia kulishwa kwa waya wa USB kutoka kwenye powerbank. Boss GT-1 nayo hutumia betri nne za AA. Mooer GE150 haina nafasi ya betri, kwa hiyo stima ikikatika nayo huzima. Bendi yenye jenereta haitaona tofauti. Mpigaji wa harusi za mtaani ataiona mara kwa mara. Anayetumia powerbank aijaribu kwanza nyumbani, kwa sababu baadhi yake hujizima zinapoona mzigo ni mdogo, na nyingine huingiza mlio kwenye sauti zikiwa zinachajiwa.

Chumvi na unyevu

Mkomani iko karibu na bahari, na hewa yenye chumvi hula chuma. Katika prosesa hushambulia kwanza jeki, kisha vyuma vya betri, kisha nobu za kuzungusha. Dalili zake ni sauti inayokatika waya unapoguswa na nobu inayokwaruza. Betri zisiachwe ndani ya kifaa kisichotumika kwa majuma, kwani zikivuja hula vyuma vyote. Kifaa kihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme. Jeki zisafishwe kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, si kwa mafuta ya kawaida, ambayo hukusanya vumbi. Kasha imara hustahimili miguu, lakini lina uzito: GT-1 yenye betri ina kilo 1.3, wakati G1 Four ya plastiki haifiki nusu kilo. Anayesafiri kwa boda au tuktuk akiwa na gitaa mgongoni atapima mambo hayo mawili pamoja.

Zilizoko sokoni

Ngazi ya chini inaongozwa na Zoom G1 Four, iliyotoka mwaka 2019 na kuuzwa Marekani kwa chini ya dola 100. Huendesha efekti tano kwa wakati mmoja, ina midundo 68 ya kufanyia mazoezi na lupa ya sekunde 30 ya kurekodi na kurudia. G1X Four ni hiyohiyo ikiwa imeongezewa kanyagio, na kwa mpigaji wa bendi tofauti ndogo ya bei inastahili kulipwa. Udhaifu wake ni kwamba tundu lake la kutokea ni moja, la stereo, linalotumika pia kwa vifaa vya masikioni, hivyo anayetaka kushoto na kulia lazima awe na waya wa Y. USB yake haitumiki kurekodia sauti kwenye kompyuta. Ni ya kuongeza efekti kwa programu ya Guitar Lab, kusasisha kifaa na kukilisha umeme.

Ngazi inayofuata ina Mooer GE150, Nux MG-300 na Valeton GP-100, zote za kampuni za China. Nguvu yake ni faili za IR na USB ya kurekodia, mambo ambayo miaka michache nyuma yalikuwa ya vifaa vya gharama kubwa. Zote zina kanyagio. Kwa anayepigia miksa tu na kurekodi nyumbani, ngazi hii ndiyo yenye thamani kubwa kwa kila shilingi. Kizuizi chake ni umeme wa adapta.

Boss GT-1 ilitoka mwaka 2016 ikiuzwa ng'ambo kwa karibu dola 200. Ina efekti 108, swichi tatu, kanyagio, lupa ya sekunde 32, USB ya kurekodia, na jeki mbili za kutokea. Kubwa zaidi, ina chaguo la kuieleza kifaa gani kinafuata, amplifaya au miksa, na hurekebisha sauti kufuatana na jibu. Ukichanganya uwezo huo na betri na swichi zake imara, ndiyo prosesa inayofaa kazi za hoteli na harusi kuliko nyingine katika kundi la bei nafuu, ingawa mwigo wake wa spika haupokei faili za IR.

Simu yenye kiunganishi cha gitaa ni njia ya nne. Hufaa mazoezi. Jukwaani huleta shida mbili: simu nyingi za Android huchelewesha sauti kiasi cha kumpoteza mpigaji, na simu ikiita huingilia wimbo.

Kununua na kujaribu

Vifaa hupatikana katika maduka ya ala Mombasa mjini na Nairobi, katika masoko ya mtandaoni, na kwa jamaa wanaosafiri kutoka Dubai na kwingine Ghuba. Bei ya nje isilinganishwe moja kwa moja na ya ndani: mzigo unaoingia Kenya hulipiwa ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine, mbali na usafiri. Duka la karibu likiwa juu kidogo lakini lina dhamana na ruhusa ya kujaribu, mara nyingi ndilo rahisi zaidi mwishoni.

Kifaa kilichotumika kijaribiwe kwa mpangilio. Kwanza gitaa na waya vinavyojulikana kuwa vizima vitumike, ili kifaa kisisingiziwe hitilafu. Waya utikiswe polepole kwenye kila jeki. Kila swichi ikanyagwe mara nyingi mfululizo. Ile inayoruka au kushika mara mbili imechakaa. Nobu zizungushwe zote, kanyagio lipimwe hadi mwisho, skrini ikaguliwe kama ina mistari iliyokufa. Nafasi ya betri ifunguliwe na kutazamwa kutu, kisha kifaa kiwashwe kwa betri peke yake na kwa adapta peke yake. Mwisho kirudishwe kwenye mipangilio ya kiwandani. Kinachokataa kurudi, au kujizima kikipata joto baada ya robo saa, kiachwe hapohapo.

Kugawa bajeti

Fedha zote zisiishie kwenye prosesa. Waya mbaya huvunja sauti ya kifaa chochote, na adapta ya kubahatisha huweza kukiua. Bajeti inayofaa hutenga kwanza waya mbili nzuri, adapta sahihi, betri za kuchaji na seti ya nyuzi mpya, kisha kinachobaki ndicho cha kununulia prosesa. Betri za kuchaji huwa na volti 1.2 kila moja badala ya 1.5, kwa hiyo kifaa chenye mahali pa kuchagua aina ya betri kielezwe, la sivyo kipimo cha chaji kitadanganya.

Mwanafunzi wa gitaa anayepigia nyumbani na kanisani atatoshelezwa na G1X Four. Anayerekodi na kupigia miksa mahali penye stima ya kutegemewa atafaidika zaidi na ngazi ya GE150. Anayeishi kwa gitaa, anayehama ukumbi hadi ukumbi na asiyeweza kuruhusu sauti ikatike mbele ya mwajiri, avumilie hadi apate ya daraja la GT-1, hata ikiwa ni iliyotumika, mradi imepita majaribio yote yaliyotajwa. Katika hali zote tatu, baada ya kununua hufuata kazi ileile: kufuta mipangilio ya kiwandani isiyohitajika, kutengeneza zile sauti sita, kusawazisha ukubwa wake ili pasiwe na inayomezwa au inayoruka juu ya bendi, na kuzijaribu kupitia miksa halisi kabla ya siku ya kazi.